Honda S2000 ya kila siku: klachi moja ya foleni na ya kukimbia

Gari langu ni Honda S2000 ya toleo la kwanza, yenye injini ya F20C: sentimita za ujazo 1,997, haina turbo, na mstari mwekundu, yaani kikomo cha kuizungusha injini, uko kwenye mizunguko 9,000 kwa dakika. Naenda nalo kazini, nalirudisha jioni kwenye foleni, na siku ambazo uwanja wa mashindano unafunguliwa kwa madereva wa kawaida, nalipeleka huko likakimbie. Wengi wakiliona huamini ni gari la kutolewa mwisho wa wiki, kisha likafunikwa turubai. Sikubaliani nao hata kidogo. Kilichonifundisha kuliondoa kwa kasi uwanjani ni foleni, na kilichonifanya nitulie kwenye foleni ni uwanja.

Kwanza injini yenyewe, maana usipoielewa utapigana nayo kila siku. Nguvu farasi 240 zinapatikana kwenye mizunguko 8,300 (zile zilizouzwa Japani ni 250), na mvuto wake wa juu kabisa (torque), Nm 208, unakuja kwenye 7,500. Huku chini ni gari la kawaida tu la lita mbili, pole, halina papara. Ikikaribia 6,000, VTEC (mfumo wa Honda wa kubadilisha jinsi vali zinavyofunguka) inahamisha vali kwenye kemu, yaani vinundu vinavyozisukuma, zenye mwinuko mkubwa zaidi, sauti inabadilika kutoka mngurumo kuwa mlio mkali, na gari linavuta upya kana kwamba ndiyo kwanza limeamka. Kwenye 9,000 kila pistoni inapanda na kushuka kwa wastani wa mita 25 kwa sekunde. Hiyo ndiyo raha yake, na ndiyo sababu kuondoka nalo kwa kasi ni kazi ya ufundi: nguvu iko juu, lakini gari limesimama.

Gari lenye turbo au injini kubwa unaweza kuliachia klachi kwenye mizunguko michache na likaondoka lenyewe kwa hasira. Hili ukiliachia kwenye 2,500, injini inalala, na unasubiri sekunde nzima ipande tena. Ukiliachia kwenye 7,000 kwa mpigo, matairi ya nyuma yanazunguka bure, moshi mwingi, mwendo hakuna. Kibaya zaidi, pigo lote linaingia kwenye difu (gia za nyuma zinazogawa nguvu kwa magurudumu), na difu ya S2000 inajulikana kwa kutovumilia ukatili wa namna hiyo. Haya ninayoeleza ni ya uwanjani, kwenye lami iliyofungwa na yenye watu wa usalama. Kwenye taa za barabarani sifanyi.

Ninavyofanya mimi ni hivi. Usukani umenyooka kabisa, gia ya kwanza imeingia, mguu wa kulia unashikilia injini karibu na 5,000 bila kuyumba. Mguu wa kushoto unaachia klachi haraka hadi pale inapoanza kushika, halafu unatulia hapo kidogo sana, chini ya sekunde. Siurushi mguu pembeni ya pedali. Katika muda huo mfupi klachi inateleza kwa makusudi, gari linaanza kujongea, na mizunguko inashuka taratibu badala ya kuporomoka. Nikisikia mgongo umekandamizwa kwenye kiti, mguu unatoka wote na ekseleta inakwenda chini.

Mguu wa kulia hapo ndio unaamua. Matairi yanashika vizuri zaidi yakiwa yanateleza kidogo kuliko yakiwa hayatelezi kabisa, kwa hiyo mlio mdogo wa mpira ni dalili njema. Mlio ukiwa mrefu na injini ikapanda ghafla, napunguza ekseleta kwa unene wa kidole, siiachii yote. Lakini sehemu ya nyuma ikianza kurukaruka, nasitisha palepale. Mruko huo ndio unaovunja difu na ekseli, na hakuna muda mzuri wa uwanjani unaostahili gharama hiyo. Baada ya kila mwondoko nazunguka taratibu ili klachi ipoe. Harufu ya klachi iliyoungua mtu akishainusa haisahau, na ukiinusa maana yake umeshachelewa.

Kubadilisha kwenda gia ya pili ndiko wengi wanakopoteza walichokipata. Gia ya kwanza ya gari hili ina uwiano wa 3.133 na ya pili 2.045. Piga hesabu, 9,000 mara 2.045 gawanya kwa 3.133: ukibadilisha kwenye 9,000 kamili, gia ya pili inakupokea kwenye takriban 5,900, pale pale VTEC inapoingia. Ukibadilisha kwenye 8,000 kwa kulionea huruma, unaangukia 5,200, kwenye ile injini ya upole, na gari linapumzika wakati wewe unataka liende. Waliopanga gia hizi walijua wanachokifanya. Naipenda hesabu hii kuliko kitu kingine chochote kwenye gari hili, na tangu nilipoielewa sioni tena mstari mwekundu kama ukuta wa kuogopwa. Uwanjani, hapo ndipo mahali pa kubadilishia gia.

Mkono nao una adabu yake. Rungu la gia la S2000 ni fupi na safari yake ni ndogo mno, kwa hiyo mtu anashawishika kulikamata na kulivuta kwa nguvu. Mimi kwenda gia ya pili navuta kwa vidole viwili na kiganja, moja kwa moja chini. Kutoka ya pili kwenda ya tatu nafungua kiganja na kusukuma mbele tu. Springi za ndani zinalirudisha rungu katikati zenyewe. Kutoka ya tatu kwenda ya nne navuta moja kwa moja nyuma bila kulielekeza kushoto. Sababu ni moja. Ukiwa kwenye ya tatu kwa 9,000 na mkono ukakuteleza ukaingiza ya pili badala ya ya nne, magurudumu yataizungusha injini zaidi ya mara 12,000 kwa dakika. Kompyuta inaweza kukata mafuta, lakini haiwezi kuzuia magurudumu kuisukuma injini, na hapo vali zinaweza kukutana na pistoni.

Sasa foleni. Watu hudhani hapa ndipo gari hili linapomtesa mtu, na kweli mwanzoni mguu unachoka. Ila kazi yote ni ileile ya kujua klachi inashikia wapi. Barabara ikiwa tambarare naachia klachi polepole bila kugusa ekseleta kabisa, gari linaanza kujongea kwa injini inayonguruma yenyewe tu, na mguu unatoka wote. Nawaachia walio mbele nafasi ya magari mawili hivi ili nijongee kwa gia ya kwanza badala ya kuanza na kusimama kila baada ya mita tatu. Watakaochomeka wachomeke, siwakasirikii. Msafara ukisimama kabisa natoa gia na kuondoa mguu kwenye klachi, kwa sababu ukiikanyaga muda wote unaimaliza beringi yake bila faida yoyote. Kwenye mlima natumia breki ya mkono. Kulishikilia gari kwa klachi iliyoshika nusu ni kuisaga sahani yake ukiwa umesimama.

Kuondoka kawaida kunahitaji 1,500 hivi, si zaidi. Abiria anayejua magari mara nyingi hutarajia mtikisiko na kelele, akashangaa gari linaondoka kama linavyoondoka gari la familia. Ninapoteremsha gia kuelekea kona au taa, naipandisha injini kidogo kwa ekseleta kabla ya kuachia klachi, ili mizunguko ilingane na mwendo. Ukiipata hiyo, kichwa cha abiria hakisogei. Uwanjani hufanywa huku kisigino kikigusa ekseleta na vidole vikiwa kwenye breki, lakini mahali pa kujizoeza ni barabara ya kawaida kwa mwendo mdogo, na viatu vya soli nyembamba vinasaidia kuliko watu wanavyofikiri.

Safari ndefu si tatizo, ila uzoee sauti. Kwenye kilomita 100 kwa saa gia ya sita inaizungusha injini kama 3,300. Nikitaka kulipita lori naingiza ya nne, injini inaruka juu ya 4,500, na VTEC iko karibu. Kukanyaga ekseleta ukiwa kwenye ya sita na kungoja muujiza hakusaidii.

Asubuhi sivuki 3,500 mpaka injini ipate joto. Hapa nasisitiza: kipimo cha dashibodi kinaonyesha joto la maji, na maji hupata joto mapema kuliko oili. Baada ya kipimo kufika mahali pake naendelea kwa upole kilomita kadhaa zaidi. Injini yenyewe haitaki kuingia VTEC ikiwa ya baridi, kwa hiyo hata kiwanda kilikuwa na wazo hilohilo. Giaboksi nayo ikiwa baridi, gia ya pili huwa nzito. Situmii nguvu, naisubiri sekunde ikubali. Oili naipima kila ninapojaza petroli, kwenye ardhi iliyo sawa, injini ikiwa imezimwa na oili imepata muda wa kushuka. Injini inayozunguka hivi hula oili kidogo, na kijiti cha kupimia ni bure.

Mvua inataka heshima ya pekee. Magari ya miaka ya mwanzo hayana mfumo wa kielektroniki wa kuzuia kuseleleka, na ukiachia ekseleta ghafla katikati ya kona, nyuma huchomoka upesi. Nafanya breki kabla ya kona, naingia na ekseleta kidogo isiyobadilika, na VTEC naiacha ikae hadi barabara inyooke. Matairi ya nyuma siyaachi yaishe hadi alama ya mwisho.

Klachi niliyonunua nayo gari bado ipo. Inashikia juu kidogo kuliko ilivyokuwa, kwa hiyo kila mara naipima: gia ya sita, mwendo wa wastani, ekseleta hadi chini. Mizunguko ikipanda sambamba na mwendo, iko salama. Ikiruka yenyewe na gari likabaki pale pale, nitaenda kuibadilisha, na nitamwambia fundi aniangalizie flaiwili (gurudumu zito la injini ambalo klachi hulishika) na beringi kwa wakati huohuo, kwa kuwa giaboksi itakuwa imeshashushwa.