Gramu 431

Leo ni siku ya 19 tangu Babu apasuliwe, na asubuhi mizani imesoma 431. Nimeandika kwenye daftari, nikapiga mistari miwili chini ya tarakimu, kisha nikakaa kitako sakafuni kumtazama akitafuna pilipili, mbegu hadi maganda. Ndege hawasikii ule ukali unaotutoa sisi machozi. Naona wivu kidogo.

Kwanza habari ya jina, maana kila anayesikia huniuliza. Babu ni jike. Nimeishi naye miaka 9 nikimwita hivyo kwa sababu ya ukijivu wake na ile tabia ya kukutazama kwa jicho moja kama mzee anayekudai. Kasuku wa kijivu, dume na jike, wanafanana mno; mwenye kutaka uhakika hupima vinasaba, nami sikuwahi kuona haja. Kiswahili nacho kilinifunika: amekula, amelala, ameamka na visirani vyake, miaka 9 bila kulazimika kujiuliza ni mke au mume. Nilijua siku daktari aliponionyesha picha ya eksirei, nikaona yai limekaa tumboni, jeupe na la mviringo. Lilikuwa limekwama.

Kutojua jinsia nimejisamehe. Kinachonikereketa ni kwamba Babu anaongea, nami nilidhani ndege anayeongea, akiumwa, atasema. Siku mbili kabla sijampeleka bado alikuwa anauliza "Nani?" na kujijibu "Nakujaaa!" kwa sauti yangu mwenyewe, na ule uvivu wangu ndani yake. Huku ametutumua manyoya. Huku amekaa chini kabisa ya tundu, hataki kijiti, na mkia unapanda na kushuka kila akivuta pumzi. Yote hayo niliyaona kwa macho yangu nikasema anajisikia baridi. Ndege huficha ugonjwa mpaka nguvu za kuficha zimwishie, kwa sababu porini dhaifu ndiye huliwa kwanza. Ukimwona mgonjwa, jua ameugua muda. Tuna usemi wa mtu kukariri kama kasuku, yaani maneno yapo, maana haipo. Nimeutumia usemi huo tangu shuleni, na bado niliyachukua maneno ya Babu kuwa taarifa ya afya.

Walianza na joto, maji ya sindano na kalsiamu. Yai halikusogea. Ikabidi nusukaputi ya kuvuta, tumbo likafunguliwa, yai likatoka pamoja na mrija wa uzazi. Ovari imebaki. Ndege kama yeye anayo moja tu inayofanya kazi, ya kushoto, nayo imeshikamana na mishipa mikubwa ya damu kiasi kwamba kuing'oa ni hatari kuliko kuiacha.

Kuhusu chanzo sikuulizwa kwa ukali, lakini niliulizwa. Anakula nini? Alizeti, zaidi ya kila kitu. Jua anapata? Nikajibu kwa kujiamini kuwa tundu lipo dirishani. Dirisha lina kioo? Lina. Basi kioo huzuia ile miale inayomsaidia ndege kutengeneza vitamini D, na bila hiyo, hata kalsiamu kidogo anayoipata haimfai sana. Miaka yote hiyo nilikuwa namwona ameota jua, nafurahi.

Siku za kwanza nyumbani sina hamu ya kuzisimulia. Tundu dogo, taulo chini, kijiti kimoja karibu kabisa na sakafu ili asianguke kwa mbali. Joto la nyuzi 29 upande mmoja tu, upande wa pili uwe wa kawaida ili achague mwenyewe. Kola shingoni asije akanyofoa nyuzi kwa mdomo. Aliichukia kola ile! Alirudi kinyumenyume tundu zima akidhani atavuliwa nayo upande wa pili. Dawa ya maumivu mara mbili kwa siku, kwa sirinji, pembeni ya mdomo, amefungwa taulo. Hapo nilitetemeka kuliko yeye: ndege hana kiwambo kama chetu, ule msuli wa chini ya mapafu unaotuvutia pumzi; kifua chenyewe ndicho hupanda na kushuka ili hewa iingie, hivyo ukimbana kifuani kwa nia njema kabisa unaweza kumziba pumzi. Unamshika kichwa na kuzunguka mwili, kifua unakiacha huru. Hakuniuma hata mara moja wiki ile. Nilikaribia kuita upendo.

Na alinyamaza. Siku 11, hakuna "Nani?", hakuna mlio wa simu, hakuna mbinja. Nyumba ikawa na masikio.

Katika kimya kile ndipo nilipoanza kusoma karatasi. Unatandika karatasi nyeupe chini ya tundu na kuibadilisha asubuhi na jioni, halafu unainama kama karani. Kinyesi cha kasuku kina sehemu tatu: kile kigumu cha kijani au kahawia, ule weupe kama chokaa, na maji yanayozunguka. Siku ya 2 na ya 3 kigumu kilikuwa uzi mwembamba, kijani cha kuelekea weusi, maana yake tumboni hakuna chakula. Siku ya 5 kikaanza kunenepa. Sijawahi kupiga kelele za furaha mbele ya mavi, nilipiga siku hiyo. Pembeni ya karatasi kulikuwa na mizani ya jikoni, kila asubuhi kabla hajala. Alirudi na 421. Daktari alisema chini ya 380 nimrudishe saa hiyohiyo, hata usiku wa manane. Alishuka hadi 393 na hapo sikulala.

Siku ya 12, saa moja asubuhi, nikasikia: "Nani?"

Sikukimbilia tundu. Niliangalia karatasi kwanza, nikampima, 409, ndipo nikamjibu.

Jambo gumu lililobaki ni mikono yangu. Sitakiwi tena kumpapasa mgongoni, wala chini ya mabawa. Kwa kasuku hiyo ni lugha ya wapenzi, humtia mwili katika hali ya kutaga, na kutaga kwake sasa ni hatari kwa kuwa ovari ipo na njia haipo. Kichwa tu, na shingo. Pia hakuna kumwachia kona za giza na maboksi, na usiku anafunikwa mapema apate saa 12 za kulala. Yeye hajaelewa. Jioni anakuja, anageuza mgongo, anashusha mabawa kidogo na kusubiri. Nami nakuna kichwa, naye ananitazama kwa lile jicho la deni.

Kola imetolewa, nyuzi pia, na juzi ameniuma kidole mpaka damu. Msamiati wake umerudi karibu wote, na kuna neno jipya. Mizani yetu hulia pii tarakimu inapotulia. Babu amelichukua. Analisema akiwa juu ya mizani, akiwa kijitini, akiwa na pilipili mdomoni.

Nimeandika mpaka hapa ndipo nikaanza kujiuliza ile pii ya asubuhi ilikuwa ya nani. Nimempandisha tena na kusubiri mpaka amefunga mdomo. 428. Mstari mmoja nimeufuta.