Zebaki haina ukurasa kwenye daftari langu

Pale kazini wananiita Dada Stoo. Mlango wa stoo ya kemikali una kufuli mbili. Ufunguo mmoja ninao mimi, mwingine anao msimamizi wa zamu, kwa hiyo haufunguki mpaka tuwepo wote wawili. Kila kilo ya sianidi, sumu tunayoyeyushia dhahabu, inayotoka naiandika: tarehe, saa, inaenda tangi gani, nani kaipokea, na anaweka sahihi. Pipa likiisha halitoki getini. Linaoshwa na kutobolewa matundu, maana likifika mtaani likiwa zima, kesho utalikuta kwa mtu limejaa maji ya kunywa.

Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003 inataka anayeingiza, anayesafirisha, anayetunza na anayetumia kemikali awe amesajiliwa. Kwa sianidi, pale kwetu Geita, Tanzania, naiona sheria hiyo ikifanya kazi kwa macho yangu. Najua pH ya tangi, kipimo cha uasidi wake, ikishuka chini ya 10 chokaa inaongezwa haraka, kwa sababu sianidi inaanza kutoka kama gesi, na gesi ile haimpi mtu muda wa kukimbia. Tunaiogopa, ndiyo maana tunaihesabu.

Kinachoninyima usingizi ni kemikali nyingine inayopita getini kila wiki bila kuandikwa popote. Inakuja ndani ya marudio.

Kwa asiyejua kazi hii: mchimbaji mdogo akitoa mawe duarani, yaani shimoni, anayapeleka karasha, kwenye mashine ya kusaga mawe. Unga unaoshwa kwa maji kwenye mwalo, mfereji wa mteremko uliotandikwa magunia, na dhahabu pamoja na mchanga mzito vinanasa humo. Magunia yanasuuzwa kwenye karai, zebaki inamiminwa, mtu anakanda kwa mikono mitupu mpaka zebaki ishikane na dhahabu. Anakamua kwa kitambaa, linabaki donge jeupe kama fedha ambalo ukilibonyeza linalia kidogo, kama theluji ya kwenye friji. Donge linachomwa, zebaki inapaa, dhahabu inabaki. Mchimbaji anaondoka na dhahabu yake na udongo anamwachia mwenye karasha kuwa malipo. Udongo huo ndio marudio. Zebaki haimalizi dhahabu, mara nyingi zaidi ya nusu inabaki humo humo, kwa hiyo mwenye karasha anakusanya lundo na kuwauzia wenye planti kama sisi. Sianidi inakuja kuifuata iliyobaki.

Sasa, kitu kinachopimwa, kinachogombaniwa bei na kupakiwa kwenye lori, nani atakiita taka? Ukitafuta taka hatarishi pale kwetu utaonyeshwa mapipa yaliyotobolewa, glavu chakavu na bwawa la topesumu, yaani tope linalobaki baada ya dhahabu kutolewa. Hakuna atakayekuonyesha lundo la marudio, kwa sababu lundo ni mtaji.

Machi mwaka huu mvua ilipiga usiku kucha. Asubuhi nilipita kando ya mzigo ulioshushwa jana yake, nikaona kwenye kifereji kilichochimbwa na maji kitu kinang'aa. Nilichuchumaa. Zilikuwa shanga za zebaki, nyingine ndogo kama punje ya ulezi, moja kubwa kama harage. Nilipoigusa ile kubwa kwa kijiti iligawanyika tatu, kisha zikakimbiliana zikawa moja tena. Nilivaa glavu, nikachukua kijiko na sahani, nikazikusanya taratibu karibu saa nzima, nikazitia kwenye chupa nene yenye mfuniko na kumimina maji juu yake zisitoe mvuke. Mzani wa sampuli ulisoma gramu 62.

Nilifungua daftari niandike. Sianidi ina kurasa zake, chokaa, kostiki soda na kaboni vilevile. Zebaki haina. Msimamizi akaniambia, bila ubaya wowote, "Dada, hiyo si yetu. Imekuja na mzigo." Siku wakaguzi walipokuja waliuliza kufuli, vifaa vya kujikinga, kuta za bwawa, yote maswali ya maana. La zebaki hawakuliuliza, na mimi, nakiri, siku hiyo sikulisema.

Ubaya wa vitu hivi viwili kukutana ni kwamba sianidi haichagui dhahabu peke yake. Inayeyusha na zebaki. Zebaki ambayo ingelala mchangani ikiwa nzito, haiendi mbali, sasa inageuka kuwa sehemu ya maji. Nyingine inanaswa na kaboni, mkaa tunaonasia dhahabu, inasafiri mpaka elusheni, hatua ya kuibandua dhahabu kwenye mkaa huo, na kutoka kama mvuke kwenye tanuru, mbele ya kijana ambaye hakuwahi kushika karai maishani mwake. Iliyobaki inaenda bwawani. Jua la Geita linasaidia kuivunja sianidi. Zebaki haivunjwi na jua wala na miaka, ni elementi, itabaki zebaki. Ikifika kwenye tope lenye maji, bakteria wanaigeuza kuwa methilizebaki, na hiyo ndiyo inayoingia kwenye samaki.

Hiyo ndiyo iliyowaangamiza watu wa Minamata kule Japani. Kiwanda cha kemikali kilikuwa kikimwaga majitaka yenye zebaki tangu 1932, ugonjwa ukatambuliwa rasmi 1956, na kumwaga hakukukoma mpaka 1968. Nasoma hiyo miaka 12 ya katikati na kuirudia. Mkataba wa kimataifa wa zebaki wa 2013 umebeba jina la mji ule, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Kwenye kiambatisho kinachohusu wachimbaji wadogo yametajwa mambo 4 ya kukomeshwa: kuchanganya zebaki na mawe yote yaliyosagwa, kuchoma donge hadharani bila chombo cha kunasa mvuke, kuchoma kwenye makazi ya watu, na kutia sianidi kwenye udongo wenye zebaki kabla zebaki haijatolewa. La nne ndiyo kazi inayonilipa mshahara.

Hilo la makazi nalijua tangu utoto. Nimekulia Rwamgasa, kijiji cha wachimbaji hapa Geita. Baba alichomea ndani, kwenye jiko la mkaa alilopikia mama, juu ya mfuniko wa kopo, dirisha limefungwa ili majirani wasione amepata kiasi gani. Sisi watoto tulikuwa humo humo. Miaka ya 2000 watu wa mradi wa zebaki wa Umoja wa Mataifa walifika wakaonyesha ritoti, chombo cha chuma chenye mfuniko na bomba, mvuke unapoa na zebaki inarudi ikiwa maji. Baba alikitazama sana. Akasema, "Humo ndani dhahabu yangu siioni." Mtu aliyeibiwa mara nyingi hafungii mali yake kwenye chuma, na sijawahi kumlaumu. Baadaye mikono ilianza kumtetemeka mpaka chai ikawa inamwagika kwenye sahani, na akawa mtu wa hasira ndogondogo ambazo hakuwa nazo. Jirani walisema pombe. Baba hakunywa pombe. Hakuna aliyempima zebaki, alizikwa bila kupimwa.

Baada ya mvua ile nilianza kuwazungukia wenye makarasha tunaonunua kwao, wako watano. Nilitaka kujua zebaki inaingiaje kwenye lundo wakati inatumika kwenye karai tu. Mzee mmoja alinijibu waziwazi.

"Mzee, mchanga wa karai ukishakamua unaumwaga wapi?"

"Juu ya lundo, mwanangu. Huo ndio wenye chakula, dhahabu yenyewe. Mnunuzi akichota sampuli pale, bei inapanda."

Nilisimama pale nikafanya hesabu kichwani. Mchanga wa karai kwa siku ni ndoo mbili tatu. Lundo ni malori. Ndoo tatu ndizo zinazochafua malori yote, na anayelipia uchafu huo ni sisi wenyewe, kwa bei nzuri. Hapa hapahitaji mtambo kutoka ng'ambo. Panahitaji pipa moja lenye mfuniko kando ya karai, na mnunuzi anayekubali kulinunua pipa hilo peke yake ili mzee asipoteze chochote.

Bosi ilinichukua miezi miwili kumshawishi. Alikubali aliposikia kuwa zebaki inagombania nafasi na dhahabu kwenye kaboni, sawa tu, sababu yoyote naipokea. Mchanga wa mapipa hauingii tena tangini moja kwa moja. Unapitishwa kwanza kwa maji, polepole, juu ya sahani ya shaba iliyopakwa madini ya fedha, na zebaki inagandia pale inakwanguliwa. Si yote inayotoka. Mpaka leo karasha lililokubali pipa ni moja, la yule mzee, na wengine wanne wanasema wanatazama kwanza.

Ukurasa nimeuchora mwenyewe kwa rula mwishoni mwa daftari: tarehe, imetoka karasha gani, gramu, nani kapima, imeenda wapi. Chupa sasa ina gramu 410, ujazo wa vijiko viwili vya chakula, lakini ukiinyanyua mkono unashuka. Nimeiweka kwenye stoo ya sianidi, nyuma ya kufuli zote mbili. Safu ya "imeenda wapi" bado ni tupu tangu mstari wa kwanza, kwa sababu kila niliyemwuliza ameniambia niiuze, na kuiuza ni kuirudisha kwenye karai. Ukaguzi unaofuata nitaufungua ukurasa huo kabla sijaulizwa. Na kama wewe unayesoma unafanya kazi mahali wanapopokea zebaki ya kufungiwa kabisa, si ya kuuza tena, niandikie.