Siku moja jikoni mwa nyumba kubwa Tigoni

Saa kumi na moja alfajiri. Huku Tigoni, upande wa Limuru nchini Kenya, mwezi wa Julai ukungu hulala juu ya majani chai hata lango halionekani. Nawasha jiko la kuni, kisha meko ya sebuleni, maana nyumba hizi za mawe za walowezi hazijui kupata joto. Chai ilianza kupandwa Limuru mwaka wa 1903, na nyumba kama hii zina historia ndefu ya watu wa jikoni ambao hakuna anayewataja. Mimi nimepika humu miaka 12. Mkate wangu ukiiva naujua kwa kuugonga chini na kusikiliza.

Saa moja hadi saa tatu: uji, mayai, vyombo, kukanda unga.

Leo tulikuwa na wageni 14 wa chakula cha mchana, na saa nne na nusu letasi haijafika. Mzee wa bustani huileta saa mbili, imefungwa kwa kamba ya katani, na kando yake kifungu cha dania ambacho si changu. Hicho ni cha dada wa kufua. Wote wawili wamefiwa na wenzao, na tangu mvua za Aprili wanaandikiana kupitia ovaroli. Mzee huacha kikaratasi mfukoni nguo ikienda kufuliwa, na dada huweka jibu akishapiga pasi. Wengine hucheka. Mimi naona ni uchumba wenye adabu kuliko mwingi niliouona.

Nikamfuata bustanini. Nikamkuta amekalia karai lililopinduliwa, gambuti zimejaa tope.

"Mzee wangu, letasi?"

"Mwambie dereva akuletee."

Nikarudi jikoni, supu inachemka, nyama ya kondoo iko kwenye oveni, na nani anaingia? Dereva. Amenyoa ndevu, amejipaka marashi, anaomba vikombe viwili vya chai, kimoja cha dada wa kufua. "Dada, mwenzako nimependwa," akasema, akanipa kikaratasi. Mwandiko niliujua: "Jumapili baada ya ibada nitakungoja stendi ya Limuru. Tafadhali usije na gambuti."

"Ndugu yangu, wewe una gambuti?"

Akaangalia viatu vyake vyeusi kwa muda mrefu. "Sina, dada."

Ovaroli zetu zote ni za kijani. Dada alikuwa amekosea mfuko.

Saa sita ilikuwa imepita. Magari ya wageni wa kwanza yalikuwa langoni, na Madam alikuwa ameshauliza saladi mara mbili. Nikakimbia na aproni yangu, nikamwekea mzee kile kikaratasi mkononi. Alikisoma midomo ikicheza, akarudia, akasimama kwa nguvu hata karai likabiringika kwenye kabichi. Dakika chache baadaye nilikuwa na letasi vikapu vitatu! Nilihitaji kimoja. Niliziosha jani kwa jani kwa maji ya baridi hadi vidole vikafa ganzi, kwa sababu konokono mdogo akionekana kwenye sahani ya mgeni, anayeitwa ni mpishi. Kisha mgeni mmoja akaagiza supu isiyo na kitunguu wakati supu imeshapakuliwa. Nikampikia nyingine.

Baada ya hapo saa sizikumbuki vizuri. Kahawa, keki, masufuria, chai tena. Nilikula nimesimama.

Hiyo Jumapili ya wapenzi wetu haikuja hivi hivi. Zamani tulikuwa tunaitwa hata siku ya ibada, hadi mwanachama mmoja wa KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa nyumbani na hoteli, aliponisomea Sheria ya Ajira ya 2007: angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Nilimweleza Madam kwa heshima, magoti yakitetemeka, naye akakubali.

Usiku, nikimwaga majivu nyuma ya jikoni, nikamkuta dereva amepiga magoti mbele ya mzee, anamsaidia kuvaa vile viatu vyeusi. Vilikuwa vidogo. Dereva akavijaza magazeti yaliyoloweshwa ili vipanuke kabla ya Jumapili. Dada wa kufua akapita na kapu la mataulo, akaviangalia.

"Hata gambuti si neno," akasema, "mradi uzioshe."

Akaingia ndani na kapu lake.