Mwaka wa ziada wa sekondari kwa kijana anayesomea nyumbani: nilivyoupanga

Mwaka wa ziada haumsaidii kijana aliyebaki nyuma ukitumika kurudia yale yale ambayo hakuyaelewa mara ya kwanza. Unamsaidia ukitumika kushuka hadi pale msingi ulipopasuka, kuuziba, kisha kupanda tena. Nilipouongeza kwa mwanangu, kazi kubwa haikuwa kufundisha. Ilikuwa kupima na kupiga hesabu ya saa kabla somo lolote halijaanza.

Anza na hisabati, kwa kuwa ndiko pengo linakojificha zaidi. Chukua mtihani wa kufunga mwaka wa darasa unalodhani yupo, mpe bila kikomo cha muda, bila kikokotoo na bila msaada. Akipata chini ya asilimia 80, mpe wa darasa lililo chini yake, na uendelee kushuka hadi afike hapo. Darasa atakaloweza ndilo la kuanzia, hata likiwa madarasa matatu chini ya umri wake. Alama peke yake haitoshi. Keti naye, achague maswali kadhaa aliyokosa, ayafanye upya huku akitamka kila hatua. Utasikia makosa ya aina tatu: jambo ambalo hakuwahi kulielewa, jambo alilolijua akalisahau, na kuteleza kwa haraka. La kwanza hufundishwa upya, la pili huhitaji mazoezi ya kurudia, la tatu huhitaji tabia ya kuhakiki kazi. Ukiyachanganya, utatumia wiki nzima kufundisha upya kitu ambacho kingerudi kwa mazoezi ya siku mbili.

Mara nyingi mpasuko huonekana kwenye sehemu, uwiano, namba hasi na mafumbo ya maneno. Kijana anayesemekana kuwa "hawezi aljebra" huenda hana shida yoyote na aljebra yenyewe. Hawezi kujumlisha 2/3 na 3/4, hivyo kila mlinganyo wenye sehemu unamshinda. Au −3 − 5 kwake ni −2, hivyo anakosea mstari wa pili wa swali ambalo alilianza vizuri kabisa. Ukimrudisha ukurasa wa kwanza wa kitabu cha aljebra, atakwama pale pale alipokwama mwaka uliopita.

Kusoma hupimwa kwa njia rahisi. Mpe kifungu cha maneno 100 kutoka kitabu cha kiwango chake, akisome kwa sauti, nawe uhesabu maneno anayokosea. Akikosea yasiyozidi 5, kitabu hicho anaweza kukitumia kwa msaada kidogo. Yakizidi 10, ni kigumu mno, na kumlazimisha kukisoma peke yake kila siku ni kumfundisha kuchukia vitabu. Akimaliza, akueleze alichosoma bila kutazama. Wapo wanaosoma kwa ufasaha bila kubakiza chochote, na hao wana tatizo jingine kabisa. Kwa kuandika, mpe dakika 20 na mada anayoijua vizuri, kisha angalia kinachomzuia: tahajia, mpangilio wa sentensi, au kukosa la kusema. Kama kusoma na tahajia viko chini sana huku akieleza mambo vizuri kwa mdomo, mpeleke kwa mtaalamu apimwe dysleksia (ugumu wa kujifunza kusoma na tahajia) mapema, na macho na masikio yapimwe pia. Sababu mojawapo ya kuwahi ni kwamba bodi za mitihani haziongezi muda wa kufanya mtihani kwa neno la mzazi. Hutaka ripoti ya mtaalamu, na maombi yana tarehe ya mwisho.

Baada ya vipimo, hesabu ya saa. Cambridge, bodi ya mitihani ya Uingereza, hukadiria takriban saa 130 za kufundishwa kwa somo moja la IGCSE, mtihani wake wa kimataifa wa sekondari. Marekani, krediti moja ya sekondari, yaani somo moja la mwaka mzima, kwa desturi huhesabiwa kuwa saa 120. Somo la dakika 45 kila siku, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 36, linatoa saa 135. Kwa hiyo kijana aliye kwenye kiwango humaliza somo moja kwa mwaka kwa mwendo huo. Aliyebaki nyuma nilimwekea mara moja na nusu, yaani karibu saa 195, na hapo ndipo urefu wa safari unapojulikana.

Chukua mfano wa masomo 6. Kwa kawaida ni saa 780. Mara moja na nusu ni saa 1,170. Ongeza saa za msingi: dakika 45 za hisabati na dakika 45 za kusoma na kuandika, kwa siku 180, ni saa 270. Jumla saa 1,440. Kijana anayesoma saa 4 halisi kwa siku, yaani saa za kusoma kweli bila kuhesabu za kukaa mezani, hupata saa 720 kwa mwaka. Anahitaji miaka 2. Kama kwenye kalenda umebaki mmoja, basi pengo ni mwaka mzima, na hilo halizibwi kwa kumwamsha alfajiri wala kumnyima likizo. Watu hujaribu kupandisha saa hadi 7 au 8 kwa siku. Baada ya wiki chache kijana anakaa mezani lakini hasomi, na saa zinazoandikwa kwenye daftari si za kweli.

Mwaka huo uwekwe mwanzoni au katikati ya sekondari, usingojee mwisho. Rekodi ikishaonyesha kuwa amemaliza mwaka wa mwisho, kuongeza mwingine huibua maswali, na baadhi ya taratibu huanza kuhesabu muda mapema kuliko wazazi wanavyodhani. NCAA, chama cha michezo ya vyuo Marekani, katika ngazi yake ya juu, Division I, huhesabu masomo ya lazima yaliyofanywa ndani ya miaka minne tangu kuanza darasa la tisa (mwaka wa kwanza wa sekondari ya huko), kwa hiyo mwanamichezo anayelenga huko achukue mwaka wa ziada kabla ya darasa hilo. Uliza pia, kwa maandishi, kikomo cha umri cha usajili wa kusomea nyumbani, cha bima ya familia na cha ufadhili anaoutarajia. Kwenye jalada la silabasi, soma miaka ya mitihani inayohusika. Silabasi hubadilika, na anayechelewa kwa mwaka mmoja anaweza kujikuta amejiandaa kwa mtihani ambao haupo tena.

Ratiba yenyewe: msingi asubuhi, akili ikiwa bado mbichi, kwa vipindi visivyozidi dakika 40 hadi 45. Miezi ya kwanza punguza masomo yabaki matatu, kwa sababu kupunguza kasi ya masomo yote kwa pamoja huacha kila kitu nusunusu. Lakini sayansi au historia iwe ya umri wake, kwa kusomewa, kusikiliza na kujadiliana, hata kama kusoma kwake kuko chini. Kijana wa miaka 15 anayefundishwa kila kitu kwa vitabu vya watoto huvunjika moyo haraka, na ana haki. Kwa msingi tumia vitabu vya elimu ya watu wazima: hesabu ni zile zile, lakini mifano ni ya mishahara, vipimo na safari. Kila mada iliyokamilika irudi kwa maswali machache baada ya siku 1, 3, 7 na 21. Makosa yaingie kwenye daftari lake maalumu: swali, alichofanya, kwa nini si sahihi, na swali jingine la aina hiyo alilolipata.

Kila wiki 12 rudia vipimo vya mwanzo kwa maswali tofauti. Kama hakuna kilichosogea, usiongeze saa. Badilisha njia, au mtafute mtaalamu. Somo linaloleta ugomvi kati yenu mpe mtu mwingine alifundishe, hata kwa vipindi viwili kwa wiki. Na kama vipimo vinaonyesha pengo kwenye somo moja tu, au shida ni usingizi, simu usiku kucha au ugonjwa, mwaka wa ziada si dawa. Shughulikia hilo kwanza.

Aibu ni jambo zito, nami naliweka sawa na hisabati. Kijana aone hesabu ya saa mwenyewe, achague mpangilio wa masomo na tarehe ya kumaliza. Nyumbani tuliacha kutaja darasa, ndugu wakiuliza, jibu lilikuwa "anamaliza Novemba ya mwaka kesho." Siku moja kwa wiki iwe ya kazi au ufundi anaoupenda, mahali ambapo anafanya vizuri na watu wanaona. Saa 4 za kusoma zikiwa siku 4 tu, wiki zinaongezeka kutoka 36 hadi 45. Ndani ya mwaka zinatosha.

Rekodi za masomo ziandike kwa somo na tarehe ya kukamilika, si kwa mwaka wa darasa. Hapo mwaka wa ziada hauonekani kama doa, na huhitaji kuficha lolote. Hisabati ya madarasa ya chini iandikwe "Hisabati ya Msingi", isipewe jina la kozi ya sekondari, maana chuo kitagundua wiki ya kwanza. Weka kazi tatu za kila somo, ya mwanzo, ya katikati na ya mwisho, pamoja na aya moja inayoeleza vitabu vilivyotumika na namna alivyopimwa.

Mitihani igawe. Cambridge ina misimu ya Mei/Juni na Oktoba/Novemba, hivyo mtahiniwa wa kujitegemea anaweza kufanya somo moja au mawili aliyoyamudu katika msimu wa kwanza na kuacha magumu kwa unaofuata. Kituo kitafutwe miezi mingi kabla, kwa kuwa si kila kituo hupokea watahiniwa wa nje. Kwa fizikia, kemia na biolojia uliza kama watamsajili kwa Karatasi ya 6, ambayo hupima ujuzi wa maabara kwa maandishi. Wiki 10 hadi 12 za mwisho ni za karatasi za miaka iliyopita: za kwanza bila saa, zinazofuata kwa muda ulioongezwa robo, za mwisho kwa muda kamili, na kila moja aisahihishe mwenyewe kwa mwongozo wa usahihishaji kabla wewe hujaigusa.