Bwawa la kijani: dawa haikuwa kuongeza klorini

Nyumba tuliyohamia Lavington, Nairobi, ilikuja na bwawa la kuogelea, maji kijani kama mchicha. Kijana aliyekuwa akilitunza alimwaga klorini kila jioni, na wapi! Nikanunua vichupa vya kupimia. Unachota maji, unatia matone mekundu, unalinganisha rangi. Yetu yakageuka zambarau kabisa: pH, yaani kipimo cha asidi kwenye maji (ikipanda, asidi imepungua), imepita 8.

Kumbe hapo ndipo penye shida. pH ikiwa 7.5, takriban nusu ya klorini huwa na nguvu ya kuua mwani, ule unaoyafanya maji kuwa kijani. Ikifika 8, hubaki kama robo tu. Tena ile klorini ya unga tunayouziwa madukani yenyewe hupandisha pH.

Nikaanza na asidi, kidogo kidogo, pampu ikizunguka. Asidi ndiyo humwagwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi, na upepo uwe mgongoni. pH iliposhuka karibu 7.4 nikasugua kuta na ngazi palipoteleza, kisha nikaweka klorini nyingi jua likishazama, kwa sababu jua huila upesi.

Asubuhi kijani kilikuwa kimeisha, maji yamebaki na ukungu mweupe wa mwani uliokufa. Hiyo ikawa kazi ya chujio la mchanga: kila geji ya presha ikipanda, nalisafisha kwa kurudisha maji nyuma. Bili ya stima nisiitaje.

Siku hizi nalenga pH kati ya 7.2 na 7.6, na klorini miligramu 1 hadi 3 kwa lita. Watoto hawaingii kabla sijapima.