Kiti, kiuno na kilomita 80

Jumapili usiku

Leo kiuno hakikuniuma. Naliandika hili mwanzo kwa sababu mwaka jana wote kurasa za Jumapili zilikuwa zikianza na kiuno: kimeuma, kimezidi, nimekandwa na maji ya moto, nimemeza vidonge. Leo nimefua, nimekaa juu ya ndoo niliyoipindua nikachambua mchele wa wiki nzima, nikainuka bila kushika ukuta. Binti yangu ndiye aliyeona. "Mama, leo umeinuka hujasema 'uwii'."

Kwa asiyenijua: nalala Maili Moja, Kibaha, na kazi yangu ipo Tazara, kwenye ghala, upande wa hesabu. Kwa mita ya pikipiki ni kilomita 40 kasoro kidogo kwenda, na hizohizo kurudi. Nashika barabara ya Morogoro, Kiluvya, Kibamba, Mbezi, nateremka Kimara mpaka Ubungo, halafu nakata kulia kuingia Mandela. Watu huniuliza kwa nini nisipande gari. Nilipanda, miaka. Daladala mpaka Kimara, mwendokasi mpaka Ubungo, kisha daladala nyingine ya Mandela, kila moja na foleni yake ya kugombania mlango. Kwenye foleni ya tatu mwanamke wa miaka arobaini na mbili hana tena viwiko vya kutosha.

Basi nikajifunza pikipiki. Nikachukua leseni, nikanunua ya mkononi kutoka kwa mtu wa kazini. Jina la pikipiki ile silitaji, maana kosa halikuwa lake. Ilizaliwa kubeba magunia ya mkaa, mimi nikaifanya ya kwendea kazini. Usukani wake ulikuwa mfupi na wa chini, nikawa naendesha nimeinama kama mtu anayefua mtoni. Kiti kilikuwa kimeshabonyea katikati na kufanya bonde, kila nikishika breki nateleza kuelekea tangi, na kila nikiteleza najirudisha nyuma kwa kiuno. Hesabu mwenyewe mara ngapi unashika breki kati ya Mbezi na Ubungo asubuhi ya Jumatatu.

Na ilikuwa inakunywa. Nilipima kwa njia ile ya kizamani ambayo haidanganyi: unajaza tangi mpaka shingoni, unaandika namba ya mita, unaendesha siku tatu nne, unarudi kituo kilekile, pampu ileile, unajaza mpaka shingoni tena. Lita zilizoingia ndizo ulizokunywa. Nikapata kilomita 29 kwa lita. Siku 22 za kazi ni kilomita 1,760, yaani lita 60 na ushee kila mwezi. Tuchukulie lita ni shilingi 3,000, maana bei yenyewe EWURA, wasimamizi wa bei ya mafuta, wanaitangaza upya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi na mimi siku hiyo huwa nasoma kama matokeo ya mtihani. Inakuja 182,000. Hapo bado oili, bado cheni, bado vidonge vya kiuno.

Mdogo wangu ni afisa usafirishaji, yaani bodaboda, anapaki kijiwe cha Picha ya Ndege. Nilipomwambia nataka kubadilisha, hakuniuliza hata swali. "Dada, chukua Boksa 150, tumemaliza." Na sababu anazo, za mtu anayekula kupitia chombo. Spea zipo kila duka, hata kijijini kwa bibi utapata plagi na waya wa klachi. Fundi yeyote anaifungua macho yamefumba. Nyuma ina springi ndani ya springi, haiogopi abiria wawili na kiroba. Ukiichoka asubuhi, jioni imeshapata mnunuzi. Sikuwa na la kubisha. Ila nilimtazama anavyofanya kazi: anapeleka mtu kilomita tatu, anashuka, anakaa upande juu ya kiti anakunywa kahawa, anapeleka mwingine. Siku nzima amekalia pikipiki lakini hajawahi kuikalia saa moja na robo bila kushusha mguu. Mimi hiyo ndiyo safari yangu, mara mbili kwa siku. Tulikuwa tunazungumzia vitu viwili tofauti kwa jina moja.

Rafiki mmoja naye akanishauri zile ndefu za mabwana shamba, aina ya DT, kwamba zinameza mashimo. Ni kweli zinameza mashimo. Lakini DT ni injini ya kuchoma oili pamoja na petroli, na mafuta inayatumia bila huruma. Tena barabara ya Morogoro haina mashimo ya kunihitaji nipande farasi. Za umeme nilizitamani, nikaziacha kwa sasa. Kilomita 80 kila siku ni nyingi, na sitaki kujifunzia Kibamba jinsi ya kuisukuma.

Siku niliyokwenda kuangalia, niliingia duka moja Kariakoo nikaomba kitu ambacho kijana wa pale hakuwahi kuombwa.

"Naomba nikae."

"Kaa tu anti, ujaribu."

Nikakaa. Dakika tano, kumi. Akaenda kuhudumia mteja, akarudi, bado nimekaa, mikono kwenye usukani, miguu kwenye vikanyagio.

"Anti, kuna mtu unamsubiri?"

"Hapana. Nipo kwenye foleni ya Buguruni."

Alicheka, kisha akaniletea kiti cha plastiki akidhani nimechoka. Nikamwambia hicho sicho ninachokijaribu. Nilikaa dakika ishirini kila moja, pikipiki tatu, na kwa saa hiyo moja nikajua zaidi ya nilichojua kwa kusoma namba za injini wiki nzima. Ya kwanza ndefu: nagusa sakafu kwa ncha za vidole, na kwenye foleni mguu lazima ukanyage wote, la sivyo pikipiki ikiinama kidogo tu umekwenda nayo. Ya pili ni Boksa yenyewe: imara, lakini kwa urefu wangu magoti yalikuja juu na baada ya robo saa nyonga zikaanza kulalamika. Huo ni mwili wangu, mwingine atakaa kama kwenye sofa. Ya tatu TVS HLX 125, ile ya gia 5. Kiti kirefu kimenyooka, usukani unanifuata mikono badala ya mikono kuufuata, mgongo umesimama wenyewe. Dakika ya kumi na nane nilikuwa nawaza mambo mengine kabisa, ada ya mtoto nadhani. Nikajua ni hii.

Kilichonitia wasiwasi ni wepesi. Mandela inabeba makontena ya bandarini, na mtu ambaye hajapitwa na semi akiwa kwenye pikipiki ndogo hawezi kuelewa. Kwanza upepo unakusukuma pembeni, kisha mkia wake unakuvuta ndani, kuelekea kwenye tairi. Pikipiki nyepesi inatumia mafuta kidogo, hiyo ndiyo raha yake, na ndiyo hiyohiyo inayopeperushwa. Ningekuwa na hela ya kuchagua bila kuhesabu, labda ningechukua kitu kizito zaidi na kunywa zaidi. Sikuwa nayo. Nilichofanya ni kubadili tabia: semi nikiiona kwenye kioo nalegeza mikono, nabana tangi kwa magoti, natoka kwenye mstari wake mapema. Ukikaza mikono ndipo unapoyumba.

Niliinunua kwa chini kidogo ya milioni tatu, na hela ya mchezo wa upatu ilisaidia.

Sasa mafuta. Wiki mbili za kwanza nilipima nikapata kilomita 44 kwa lita. Nikafurahi, halafu nikaona aibu. Nilikuwa nimechukua chombo cha kubana matumizi nikakiendesha kama naikimbia nyumba inayoungua. Kile kipande cha Kimara mpaka Kibaha, kilomita 19 na kidogo, kilipopanuliwa kuwa njia nane kimetuharibu wengi. Barabara ni pana, asubuhi ni tupu, mkono wenyewe unazunguka. Nilikuwa naenda kilomita 85 kwa saa. Upepo kwenye 85 si ule wa 60 ulioongezeka kidogo, ni maradufu, na injini ya 125 inalipia kila tone la kuupasua.

Nikakaa na kalamu. Kilomita 20 kwa 85 ni dakika 14. Kwa 60 ni dakika 20. Nagombania dakika 6 ambazo nikifika Kimara nazikuta zote zimepaki kwenye taa zinanisubiri. Nikashuka mpaka 60, gia ya tano, mkono umetulia. Mwezi wa pili: kilomita 52 kwa lita. Lita 34 hivi kwa mwezi, shilingi 101,500. Ukilinganisha na ile pikipiki ya zamani ya mkaa, elfu 80 inabaki. Mdogo wangu alitaka nibadilishe na sproketi ya mbele, kile kigurudumu cha meno kinachovuta cheni, niongeze jino moja, injini izunguke pole zaidi. Wenzake wanafanya hivyo. Nilikataa, kwa sababu ninapoipita semi kwenye kilima cha Kimara nataka nguvu ije nikiiita, si ije baada ya kikao.

Mengine ni madogo madogo. Upepo wa tairi kila Jumapili. Cheni naisafisha kwa brashi na mafuta ya taa, naipaka oili usiku ili ilale nayo. Plagi niliifungua juzi, ncha yake ina rangi ya kahawia kama chai iliyokolea maziwa, na fundi akasema usiiguse tena kabureta. Ingekuwa nyeusi ya masizi, maana yake petroli inaingia nyingi kuliko inavyoungua.

Lakini kiuno sikipi TVS sifa zote. Sehemu yake ni ya mzee mmoja fundi sofa hapa mtaani, anayefanyia kazi chini ya mwarobaini. Kiti cha kiwandani hakina ubaya, kimekatwa kwa watu wawili na mzigo, nami napanda peke yangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kochi liko wapi?"

"Nimekuja na pikipiki."

Hakushangaa. Alifungua nati mbili, akachomoa pini za ngozi moja moja kwa bisibisi akizitia kwenye kifuniko cha chupa asizipoteze. Akaivua ngozi kama anavyovuliwa mtoto shati. Kisha akachukua sponji tatu kutoka kwenye gunia, akaniwekea mezani, akabonyeza ya kwanza kwa kidole gumba na kukiondoa. Shimo likafutika palepale.

"Hii inaamka haraka. Inayoamka haraka itakurusha."

Ya pili. Shimo likabaki.

"Hii imekufa. Ni mabaki ya godoro, wiki mbili unakalia bati."

Ya tatu akaibonyeza zaidi, akatoa kidole, tukaitazama wote wawili. Ikapanda taratibu, kama mtu anayeamshwa kwa daku.

"Hii ndiyo. Inaamka kivivu."

Akanikalisha juu ya kiti kikiwa hakina ngozi, akachora kwa chaki pale mapaja yanapoangukia, huku kavaa miwani na kageuza uso pembeni kwa heshima, chaki inakwenda kwa kukisia. Mbele akakipunguza upana ili miguu ishuke wima. Nyuma akakiinua kama vidole viwili, na kule kuteleza kwenda tangini kukaisha. Alinitoza 35,000. Wakati anagonga pini za mwisho akasema, bila kuniangalia, "Mnanunua injini, halafu mnakalia kiti."

Ukiniuliza kati ya elfu zote nilizotumia mwaka huu zipi zimefanya kazi kubwa, nitakutajia hizo 35 kabla ya zile milioni. Nikimwambia mdogo wangu hivyo anadhani natania.

Si kwamba mambo yote yamekwisha. Kidole gumba cha kulia kinakufa ganzi kila nikifika Kwa Msuguri, nadhani ni mtetemo wa usukani. Nimefunga kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli kwenye mshiko, kimesogeza ganzi mpaka Temboni. Kesho najaribu vipande viwili. Koti la mvua lipo kwenye keria, tairi la nyuma nimelipima, na saa kumi na moja na nusu alfajiri haiko mbali.