Josiah Walls, mkulima wa Gainesville aliyevuliwa ubunge mara mbili

Sisi Waafrika Mashariki tunaoishi hapa Gainesville, Florida, wengi wetu tukiwa tumeletwa na chuo kikuu, huenda Paynes Prairie kutazama mamba na farasi mwitu, na ni wachache wanaojua kwamba mashamba yaliyopakana na uwanda huo yaliwahi kuwa ya mbunge wa kwanza Mweusi wa jimbo hili.

Josiah Walls alizaliwa utumwani Virginia mwaka 1842. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipozuka alilazimishwa kulitumikia jeshi la Kusini, yaani wale wale waliokuwa wakipigania aendelee kuwa mtumwa. Jeshi la Muungano, yaani la Kaskazini, lilimteka Yorktown mwaka 1862, na mwaka uliofuata akajiunga kwa hiari na kikosi cha tatu cha askari wa miguu Weusi, ambamo alipanda hadi cheo cha sajini. Kikosi hicho ndicho kilichomfikisha Florida, na vita vilipokwisha hakurudi kwao, bali alifanya kazi katika kiwanda cha mbao, akafundisha shule katika mji wa Archer, kisha akaingia katika siasa.

Mwaka 1870 alichaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi la Marekani, ambako alitetea fedha za serikali kuu kwa ajili ya elimu, kwa hoja kwamba majimbo ya Kusini yakiachiwa yenyewe hayatawasomesha watoto Weusi. Mpinzani wake, Silas Niblack, alipinga matokeo. Kwetu Kenya na Tanzania shauri kama hilo huamuliwa na Mahakama Kuu, lakini huku Katiba imelipa Baraza lenyewe mamlaka ya kuamua nani ni mbunge halali, mpango ambao kwa maoni yangu ni kumkabidhi fisi bucha. Hata hivyo, waliomwondoa Januari 1873 walikuwa Baraza lenye wingi wa wabunge wa chama chake mwenyewe, cha Republican. Kwa bahati alikuwa ameshashinda uchaguzi mwingine, akarejea baada ya wiki chache. Alishinda tena mwaka 1874 kwa kura 371 tu dhidi ya Jesse Finley, aliyekuwa jenerali wa jeshi la Kusini, na Aprili 1876, Baraza likiwa sasa mikononi mwa chama pinzani cha Democrat, akavuliwa kiti kwa mara ya pili.

Shamba, alilokuwa amelinunua mwaka 1873 likiwa na zaidi ya ekari elfu moja, halikuhitaji kura ya mtu. Alilima mboga na michungwa akawa miongoni mwa wakulima wakubwa wa eneo hili, hadi baridi kali ya Februari 1895 ilipoyateketeza mazao yake, kama ilivyoteketeza michungwa karibu Florida nzima. Akahamia Tallahassee kusimamia shamba la chuo cha Weusi ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Florida A&M, na huko akafariki mwaka 1905. Hakuna Mweusi mwingine aliyeiwakilisha Florida katika Bunge la Marekani hadi Januari 1993, walipoapishwa watatu kwa mpigo: Corrine Brown, Alcee Hastings na Carrie Meek.